Kitabu cha nani? Shajara ya mradi wa wanawake wanaosoma ndani ya riwaya za Kiingereza

12 Januari

Haya, nimeanza. Chanzo ni ubishi wa Jumapili kwenye kikundi chetu cha kusoma, kikao kimeisha tunakula mihogo ya kukaanga, kaka mmoja (simtaji, atajijua) akasema riwaya za Kiingereza za zamani zote ni zile zile, msichana akisoma sana anaharibika akili na mchumba anakimbia. Mi nikasema si kweli. Akaniuliza, umesoma ngapi? Nikanyamaza, maana nilikuwa nimesoma mbili na moja kati ya hizo sikuimaliza.

Kwa hiyo mradi ndo huu: nachukua riwaya za Waingereza kuanzia 1752 mpaka 1872, na kila nikikuta mwanamke ameshika kitabu naandika mstari kwenye eksel. Safu ni tano, riwaya na mwaka wake, nani anasoma, anasoma nini, kakaa wapi, na nani anamkatiza. Hiyo ya mwisho nimeiweka kwa utani tu, kwa sababu mimi mwenyewe nikishika kitabu nyumbani lazima mtu aje aulize chumvi iko wapi. Vitabu nimepakua bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, hakimiliki zake ziliisha zamani, nasoma kwenye simu.

19 Januari

Nimeanza na The Female Quixote ya Charlotte Lennox, 1752. Jamani nimecheka. Arabella ni binti wa bwana mkubwa aliyekosana na wakubwa wenzake huko ikulu akahamia shamba, mama alifariki, binti amekua peke yake ndani ya kasri na rundo la hadithi za mapenzi za Kifaransa za karne ya kumi na saba, tena tafsiri mbovu, na yeye anaamini ni historia kabisa. Kwa hiyo mtunza bustani mmoja mwenye adabu kidogo tu, tayari Arabella kashaamua huyu ni mtoto wa kifalme amejificha kwa ajili ya penzi lake, kumbe mwenzake anaiba samaki bwawani. Mwishoni anaona wapanda farasi wanakuja, anajua wanakuja kumteka, anajitosa mto Thames aogelee kama shujaa wake wa kitabuni. Homa nusura imuue, halafu anakuja mchungaji msomi anamweleza polepole kwamba vile vitabu ni uongo, anapona, anaolewa na binamu yake Glanville.

Nikasema basi, kaka wa mihogo ana haki, hii si ndo hiyo hiyo aliyosema.

Ila kuna kitu kimenikaa. Arabella anampa Glanville vile vitabu avisome ndo waongee vizuri. Glanville akaangalia unene wake, akahesabu kurasa, akachoka kabla ya kuanza, akarudi anajifanya kasoma, akaulizwa swali la kwanza tu akaumbuka. Kwa hiyo mwanamke amesoma maelfu ya kurasa na anakumbuka kila jina, mwanaume ameshindwa hata juzuu moja, na anayehitaji kutibiwa ni mwanamke. Lennox alijua anachofanya, mi naona.

2 Februari

Northanger Abbey. Jane Austen aliiandika mwishoni mwa miaka ya 1790, akaiuza 1803 kwa mchapishaji wa London kwa pauni 10, jamaa akaikalia tu. Miaka inapita. 1816 familia ikarudisha zile pauni 10 wakapewa karatasi zao, na kitabu kikatoka Desemba 1817, mwenyewe alishafariki Julai. Wakati ule anaiuza ilikuwa inaitwa Susan.

Catherine Morland ana miaka kumi na saba, kaenda mji wa Bath, rafiki yake Isabella kampa The Mysteries of Udolpho ya Ann Radcliffe (1794), wanajifungia ndani siku za mvua wanasoma pamoja. Isabella ana orodha ya riwaya saba nyingine za kutisha, na Catherine swali lake ni moja tu, una uhakika zote zinatisha? Raha iliyoje. Kwa muda mrefu watu walidhani yale majina saba Austen kayatunga, baadaye ndo ikajulikana vitabu vyote vipo kweli.

Hapo hapo Austen anaacha hadithi yake anageuka kumpiga vijembe msomaji. Anasema mtu anaandika kijitabu cha kufupisha historia ya Uingereza kwa mara ya mia tisa anasifiwa, ila msichana akiulizwa unasoma nini anaona aibu, anaweka kitabu chini na kusema aa, ni riwaya tu. Tu! Anataja kabisa Cecilia na Camilla za Frances Burney na Belinda ya Maria Edgeworth, kwamba hizo ndo za kusema "tu". Mi niliwahi kuficha riwaya ndani ya daftari la bookkeeping, kwa hiyo tunaelewana.

Na Catherine mwenyewe anaulizwa kwa nini hapendi historia, anajibu kwamba kila ukurasa ni mapapa na wafalme wanagombana, vita na tauni, wanaume wote hawana maana na wanawake karibu hakuna. Msichana wa miaka kumi na saba huyo.

Wanaume pale ni wawili wa kulinganisha. John Thorpe anasema yeye hasomi riwaya, ana mambo mengine ya kufanya, na kama angesoma basi angesoma za Radcliffe, zile zina raha, halafu Udolpho anaiponda bila kujua ni ya huyo huyo Radcliffe. Henry Tilney anasema yeye kasoma zote, Udolpho aliimaliza kwa siku mbili nywele zimemsimama, na mtu asiyefurahia riwaya nzuri, awe mwanaume au mwanamke, basi ni mjinga asiyevumilika. Sasa mwandishi katupangia tumpende yupi? Haihitaji tochi.

Najua mtasema, lakini Catherine si aliharibika? Alifika nyumba ya kina Tilney, ameingia usiku, kafungua kabati kwa mikono inayotetemeka akitafuta siri ya kutisha, kakuta bili ya dobi. Akafika mahali pa kudhani Jenerali Tilney, baba yake Henry, alimuua mkewe, Henry akamkemea mpaka akalia. Sawa. Ila sogea kurasa chache mbele: Jenerali anagundua Catherine si tajiri kama alivyoambiwa, anamfukuza asubuhi mapema, peke yake, bila hata mtumishi wa kumsindikiza, safari ya maili sabini kwa magari ya farasi ya kukodi, binti hana hata nauli mpaka akakopeshwa na Eleanor, dada yake Henry. Hakuua mtu, lakini kwamba huyu mzee ni mtu mbaya, Catherine alilijua kwa msaada wa riwaya kabla ya watoto wake kulikubali kwa mdomo. Safu yangu ya "funzo" niliyoiongeza wiki iliyopita nimeifuta, haifanyi kazi.

9 Februari

Umeme ulikatika laptopu haina chaji, mistari ya Northanger yote imepotea. Nimeandika upya. Somo: nahifadhi kila baada ya mistari mitano.

23 Februari

Pride and Prejudice, 1813. Hii ilienda haraka kwa sababu Elizabeth, mhusika mkuu, mwenyewe anasema yeye si msomaji mkubwa. Vituko viko pembeni.

Mchungaji Collins, mgeni wa kina Elizabeth, kaalikwa kusoma kwa sauti baada ya chai. Wanampa kitabu, akaona ni cha maktaba ya kukodisha akashtuka kama kashika nyoka, yeye riwaya hasomi. (Hizi maktaba zilikuwa biashara binafsi, unalipa ada unaazima, mfikirie yule jamaa tuliyekuwa tunakodi kwake kanda za video. Riwaya mpya ilikuwa ghali mno, hii yenyewe ilitoka juzuu tatu kwa shilingi 18 za Kiingereza, nani anunue.) Collins akachagua Mahubiri kwa Wanawake Vijana ya James Fordyce, ya 1766. Hajamaliza hata kurasa tatu, Lydia, mdogo wake Elizabeth, akamkatiza kwa umbea wa mjomba na wanajeshi. Safu yangu ya mwisho inasema "nani anamkatiza", kwa mara ya kwanza anayekatizwa ni mwanaume na mimi nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Ikabidi nimtafute huyo Fordyce. Mtu mkali. Anasema kuna riwaya ambazo mwanamke akiweza kuzivumilia mpaka mwisho, basi moyoni mwake ni kahaba, hata kama mtaani anasifiwa vipi. Na hiki ndo kitabu walichokuwa wanapewa mabinti kama zawadi! Nikamkumbuka Mwana Kupona wa Pate na utendi wake wa 1858, maana na ule ni mawaidha kwa binti namna ya kuishi na mume, na kuna beti humo mimi na rafiki zangu tunagombana nazo kila mwaka. Lakini Mwana Kupona ni mama, mgonjwa, anamwandikia mwanawe wa kumzaa, anamwita akae karibu. Fordyce yuko juu ya mimbari anawahutubia mabinti za watu.

Halafu Miss Bingley. Darcy, bwana tajiri, anasoma, yeye anamtaka Darcy, kwa hiyo naye anachukua kitabu, na amekichagua kwa sababu moja tu, ni juzuu ya pili ya kile anachosoma Darcy. Anapiga miayo, anatangaza hakuna starehe kama kusoma, sekunde chache baadaye kakitupa. Sasa sikiliza hii: 2017 Benki Kuu ya Uingereza ilitoa noti yenye picha ya Austen na chini yake wakaweka maneno hayo hayo, hakuna starehe kama kusoma, maneno ya mtu asiyesoma. Na noti yenyewe ni ya pauni 10. Pauni 10! Bei ile ile aliyouzia Susan. Nimecheka mpaka mama akaja kuangalia.

8 Machi

Jane Eyre, 1847, Charlotte Brontë akijificha kwa jina la Currer Bell ambalo hujui ni la mume au mke.

Sura ya kwanza tu imenivunjia mradi. Jane ana miaka kumi, yatima, kajibanza kwenye kiti cha dirishani nyuma ya pazia jekundu, anasoma kitabu cha ndege wa Uingereza cha Bewick, nje mvua. Anasema alikuwa na furaha, kwa namna yake, aliogopa tu kukatizwa. Nikaandaa safu yangu. Akaja John Reed, binamu, miaka kumi na nne, akauliza ulikuwa unafanya nini nyuma ya pazia. Nilikuwa nasoma. Nionyeshe kitabu. Halafu anamwambia, kwa maneno yangu: huna ruhusa ya kuchukua vitabu vyetu, wewe ni tegemezi, mama amesema, huna pesa, baba yako hakukuachia kitu. Nitakufundisha kupekua rafu zangu za vitabu, maana ni zangu, nyumba hii yote ni yangu, au itakuwa miaka michache ijayo. Akamrushia kile kitabu, Jane akaanguka akagonga kichwa mlangoni, damu.

Nimerudia hiyo sehemu mara nne. John hajali Jane anasoma nini. Ni ndege wale! Hakuna mapenzi, hakuna mzimu, hakuna wa kumharibu mtu. Kinachomuuma ni kwamba kitabu kina mwenyewe na mwenyewe si Jane. Na mimi nimekaa miezi miwili najaza safu ya "anasoma nini" kama Fordyce.

Nikaongeza safu ya sita: KITABU NI CHA NANI.

Halafu angalia inavyoendelea. Jane kakua, ni mwalimu wa nyumbani kwa Rochester, anaingia chumba cha kufundishia, vitabu vingi vimefungiwa nyuma ya milango ya vioo, limeachwa wazi kabati moja tu lenye vya kufundishia na vingine vichache vya kujisomea, na Jane anasema nadhani mwenye nyumba aliona hivyo vinamtosha mwalimu. Hapo nilifunga simu kidogo. Kwetu sebuleni kulikuwa na kabati la vioo, juzuu nyekundu zimepangwa kwa urefu, ufunguo anao baba, wageni wanavisifu. Nilisoma migongo yake tu kwa miaka kumi. Nilivyomaliza form foo baba akanipa ufunguo bila kusema kitu, nikafungua, nusu yake vilikuwa vya sheria za ushirika. Nampenda baba yangu lakini ile siku nilihisi nimeibiwa, sijui na nani.

Sura za huko mbele, Jane kakimbia, usiku wa mvua anachungulia dirishani anawaona dada wawili, Diana na Mary, wameinama juu ya kitabu cha Kijerumani na kamusi wanatafuta maneno wenyewe kwa wenyewe. Hakuna anayewakatiza. Ni mstari wa kwanza mtupu kwenye safu hiyo. Baadaye Jane naye anajifunza Kijerumani pamoja nao, mpaka St John, kaka yao, anamwambia acha Kijerumani, jifunze Kihindustani, maana yeye ndo anakihitaji kwa umisionari wake. Na Jane anaacha!

9 Machi

Nimerudi nyuma kujaza safu ya sita kwa vitabu nilivyomaliza. Saa nane usiku, kesho kazini, sijali.

Arabella: vile vitabu vilikuwa vya mama yake. Lennox anasema mama alivinunua kupunguza upweke wa lile shamba ambao alikuwa haupendi, na alipokufa mume akavitoa chumbani kwake akavihamishia maktaba yake, binti akavikuta huko. Wiki za mwanzo nilicheka samaki nikaruka hili. Kumbe chanzo cha "wazimu" wote ni mwanamke mwingine aliyekuwa anajitibu upweke kwa kusoma, halafu vitabu vikabadilisha mwenyewe. Baadaye baba anataka kuvichoma moto, anayeviokoa ni Glanville, tena kwa ajili ya kujipendekeza.

Na Northanger, ee Mungu. Kuna utani wa Henry Tilney nilioupita mbio. Yeye na dada yake Eleanor walikuwa wanasoma Udolpho, Henry kaahidi kuisoma kwa sauti, Eleanor akaitwa dakika tano tu kujibu barua, kurudi hamkuti, Henry kakimbia na juzuu bustanini akamalizia peke yake, dada kamsubiri. Na Henry mwenyewe anakiri mbele ya Catherine, huku anacheka: kile kitabu, tafadhali zingatieni, kilikuwa cha kwake, cha kwake yeye hasa. Austen karudia mara mbili. Yaani hata mwanaume mzuri kuliko wote, anayesoma riwaya na kuzitetea, kitabu cha dada yake kakichukua kama chake, na wote tunacheka kwa sababu anachekesha kweli.

Kuhusu sheria, kwa ufupi kwa sababu mtaniuliza: Uingereza kabla ya sheria ya 1882 ya mali za wanawake walioolewa, mke akiingia kwenye ndoa vitu vyake vya kushikika vinakuwa vya mume, labda familia iwe na hela ya kuandika mikataba. Hata kitabu alichokuja nacho kutoka kwao.

30 Machi

The Mill on the Floss, 1860. George Eliot, yaani Mary Ann Evans. Baba yake alikuwa msimamizi wa mashamba ya watu wakubwa wa Arbury, na binti akaruhusiwa kusoma kwenye maktaba ya kasri lao. Karuhusiwa. Kwa hiyo hii safu ya sita yeye aliiishi.

Maggie Tulliver ana kama miaka tisa, mgeni kaja kuongea na baba yake, mtoto anaonyesha kitabu, ni Historia ya Shetani ya Daniel Defoe. Mgeni anashtuka, kitabu gani hiki kwa mtoto? Baba anajitetea, alikinunua mnadani, vyote vilikuwa na majalada yanayofanana, mazuri, akadhani vyote vitakuwa vizuri. Hapa nilimkumbuka baba yangu tena, basi. Maggie anaeleza picha ya yule bibi majini: wakimtosa akaogelea basi ni mchawi wanamuua, akizama akafa basi hakuwa mchawi, ila sasa itamsaidia nini na kashakufa? Mtoto kaisambaratisha hoja nzima ya karne mbili. Na baba, ambaye anampenda kupita kiasi na ana fahari naye, anasema pembeni kwamba mwanamke hana shughuli na akili nyingi hivi, italeta balaa. Na Eliot, mtu katili, mwisho wa kitabu anamzamisha Maggie kwenye mafuriko.

Katikati kuna Tom, kaka, anapelekwa kwa mwalimu kusoma Kilatini ambacho hakitaki na hakimwingii. Maggie kaenda kumtembelea siku chache kashaanza kukifurahia. Mwalimu anaulizwa, wasichana wanaweza? Anajibu wana wepesi wa juujuu, hawawezi kwenda mbali, wanawahi lakini hawana kina. Tom kafurahi kama kapewa zawadi.

Halafu baba anafilisika. Vitu vinapigwa mnada na vitabu vinaenda navyo, na Maggie anamlilia kaka yake kuhusu Pilgrim's Progress yao ya zamani aliyoipaka rangi Tom kwa mkono wake, alidhani hawataachana nayo maisha yao yote. Atakayeleta vingine ni Bob Jakin, machinga kabisa, anatembea na mzigo mgongoni, shule hana, kanunua vitabu kwa kuangalia picha na vingine vya ziada visivyo na picha. Humo ndani kuna kidogo chakavu cha Thomas à Kempis, mtawa wa zamani, kurasa zimekunjwa pembe na mtu asiyejulikana kaweka alama za wino. Maggie anasoma kwa kufuata mkono wa msomaji aliyetangulia. Huo ukurasa mimi nauona ni mzuri kuliko mapenzi yote ya kitabu hiki.

Na kuna hii. Philip, rafiki yake, anamwazima Corinne, riwaya ya Madame de Staël. Maggie anarudisha haijaisha. Anasema alipofika tu pale anapotokea msichana mwenye nywele za dhahabu akakifunga, alijua huyo ndo atachukua furaha yote na mwenye nywele nyeusi ataachwa analia, na yeye hasomi tena vitabu vya namna hiyo. Safu ya tano, nani anamkatiza: Maggie. Wa kwanza kwenye jedwali kujikatiza mwenyewe.

13 Aprili

Mansfield Park, 1814, nimeruka nyingi, mtanisamehe, Fanny Price ananichosha. Ila nilichotaka nimekipata. Fanny kakulia kwa mjomba tajiri. Mjomba anampeleka kwao Portsmouth kwa wazazi maskini ili akili imkae sawa, anampa pauni 10 mkononi. (Ndiyo. 10 tena. Nimeacha kushangaa.) Kwao hakuna vitabu. Kwa hiyo Fanny, muoga wa kutisha, anaenda mwenyewe maktaba ya kukodisha, analipa ada. Austen anasema alijishangaa, kwamba yeye ni mkodishaji, mchaguzi wa vitabu! Kuchagua! Na anachagua ili amfundishe mdogo wake. Mdogo anaitwa Susan.

Sidai chochote, nasema tu anaitwa Susan.

27 Aprili

Wuthering Heights, 1847, Emily Brontë. Cathy mdogo kafungiwa kwa Heathcliff, baba mkwe wake, alikuja na vitabu vyake mwenyewe, na Heathcliff kwa kuwa hasomi akaamua kuviharibu. Vilivyobaki kavificha Hareton, kijana ambaye kanyimwa shule makusudi, anajaribu kujifunza kwa siri, Cathy anamcheka mbele ya mgeni, Hareton kwa aibu anavitupa motoni. Cathy kabla ya hapo kashasema, vingi vimeandikwa kwenye ubongo wangu na kuchapwa moyoni, hivyo hamwezi kuninyang'anya. Baadaye anafunga kitabu kwa karatasi nyeupe na utepe, anampa Hareton, akikipokea atamfundisha kusoma. Kwenye jedwali langu zima hapa tu ndo mwanamke anampa mwanaume kitabu kilicho chake na kikasomwa. Arabella alijaribu, tulimuona Glanville.

Na Nelly Dean, mfanyakazi, ambaye sikumpangia mstari kabisa (aibu yangu). Anamwambia mpangaji kwamba hakuna kitabu kwenye maktaba ile ambacho hajakifungua na kupata kitu, ukiacha vya Kigiriki, Kilatini na Kifaransa, na hata hivyo anaweza kuvitofautisha. Tunajua anasoma kwa sababu kasema yeye, mstari mmoja, katikati ya kazi. Hakuna aliyemkatiza kwa sababu hakuna aliyejua.

18 Mei

Middlemarch, 1871 mpaka 1872, imenila wiki tatu. Dorothea kaolewa na mzee Casaubon kwa sababu ya vitabu, kabisa, alitaka kuingia kwenye ile maktaba. Mjomba wake alishasema masomo mazito kama hesabu na lugha za kale yanamchosha sana mwanamke. Yeye anajifunza herufi za Kigiriki ili amsomee mumewe kwa sauti, kama mabinti wa mshairi Milton waliokuwa wanamsomea baba yao lugha wasizozielewa. Casaubon anaandika kitabu kikubwa cha kufungua siri ya ngano zote za dunia, hakiishi, na inakuja kujulikana kwamba Wajerumani walishamaliza hiyo kazi na yeye Kijerumani hajui. Diana na Mary walikijua, na kamusi moja.

Kabla hajafa anataka Dorothea aahidi kumfuata matakwa yake baada ya kifo. Dorothea usiku mzima kalala nalo, asubuhi anaenda bustanini kusema ndiyo, anamkuta kafa. Kamwachia maelekezo ya kuendeleza ile kazi, na kwenye wosia nyongeza kwamba akiolewa na Will Ladislaw, kijana wa ukoo wa Casaubon, mali zote anakosa. Dorothea anachukua yale maelekezo, anayafunga kwenye bahasha, anamwandikia marehemu ndani yake kwamba hakuweza kuyatumia, huoni sasa kwamba nisingeweza kuitiisha roho yangu kwa yako, kwa kufanya bila tumaini kazi nisiyoiamini? Anatia muhuri, anafungia kwenye meza yake mwenyewe.

Nimejaza. Nani anasoma: Dorothea. Kitabu ni cha nani: cha marehemu mume. Wapi: nyumbani Lowick. Nani anamkatiza: Dorothea.

Bado Persuasion ya Austen. Jumapili napeleka jedwali kikundini, kaka wa mihogo kasema atakuja na hoja zake, na ameomba nimwazime Northanger. Nimemtumia linki apakue yake.